Ndagala Isiyooshwa

Wadogo zangu, mtaniwia radhi kwa mwandiko huu. Herufi zangu zinaegemeana kama walevi, na penye kosa nimeandika juu ya kosa, kwa sababu karatasi ni nyembamba na ukifuta inatoboka. Nilimaliza darasa la sita la msingi, minerval, ile ada ya sekondari, haikupatikana, na tangu hapo mkono wangu haujaandika kitu kirefu kuliko jina la mtu juu ya gunia. Naandika polepole. Ninyi someni haraka, tutakutana mbele.

Jumapili ile tulipotoka kanisani mliniuliza swali, ninyi mlioanza juzi kazi ya kukausha ndagala kule ufukweni. Mlisema: wanawake wote wa Kalemie wanauza samaki wale wale wadogo wa ziwa lile lile, mbona wanunuzi wa bara wakishuka tu kwenye lori wanauliza Mama Feza yuko wapi? Mlinizunguka, mkanitazama wote kwa mara moja, na mimi mtu akinitazama hivyo ulimi unakauka kuliko ndagala yenyewe. Nilicheka tu, nikaenda zangu. Lakini swali lilinifuata mpaka nyumbani. Ni swali ambalo nami nilikuwa nalo muda wote niliofanya kazi kwa Mama Feza, na bado sijalimaliza.

Najua mtasema: dada Riziki anaandika kama mzee aliyestaafu, na hana hata mvi moja. Nimestaafu kweli. Vumbi la ndagala kavu liliingia kifuani mwangu likakataa kutoka, na daktari akasema kifua hiki na samaki kavu havitakaa nyumba moja. Sasa nashona nguo za watoto. Lakini nilianza kukausha nikiwa mdogo kuliko mdogo wenu, kwa hiyo katika kazi hiyo mimi ni bibi yenu. Mnisikilize.

Jambo la kwanza lililonishangaza ufukweni ni kelele. Asubuhi mitumbwi ikirudi, ndagala zinamwagwa, zinakaushwa, na mnunuzi akitokea tu kila mwanamke anaita: "Kuya huku, Mama! Ndagala safi! Safi kabisa!" Wa kushoto safi, wa kulia safi, wa nyuma safi. Mimi sikuweza kuita. Nilijaribu mara moja, sauti ikatoka kama ya kifaranga, mnunuzi akageuka akitafuta kuku. Basi nikawa mtu wa kusikiliza. Siku moja nikamwuliza Mama Feza:

"Mama, kama zote ni safi, ile chafu inauzwa wapi?"

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Rizi, weye unaogopa watu, lakini maswali yako hayaogopi muntu."

Mama Feza mnamjua, yule mfupi mwenye kitambaa cha kichwa kisichokaa sawa. Hamkumjua wakati ule. Walishuka na mumewe kutoka upande wa Fizi, kaskazini mwa ziwa, wakifuata samaki. Mume alipofariki alimwachia watoto, mtumbwi mzuri wa mbao, na taa za kuvulia usiku. Watu wote walitegemea ataukodisha mtumbwi na kula polepole. Yeye aliuuza, na taa zake, akanunua miti na wavu wa waya, akasema atakausha ndagala juu ya vichanja, si juu ya mchanga kama wengine.

Jirani yetu wa ufukweni alikuwa Mama Nyota, mwanamke mwenye mdomo mkali na moyo usio na kinyongo. Alikuja akazunguka miti yetu, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Feza, umeuza mutumbwi wa marehemu ili ununulie samaki vitanda?"

"Njo hivyo, ndiyo."

"Na mito ya kulalia utawanunulia lini?"

Ufukwe mzima ulicheka. Hata mimi nilicheka, nikiwa nimegeukia ziwa ili Mama asinione.

Mama Feza alikuwa na kaka yake mkubwa, Papa Lwamba, aliyekuwa akichunga ng'ombe wa watu huko juu Pepa. Kaka alipiga simu, akasema kwa upole: "Dada, jaribu mpaka mvua za kwanza. Ikishindikana, panda huku na watoto. Nyumba iko, maziwa yapo." Ilikuwa sauti ya upendo, lakini Mama alipokata simu uso ulikuwa umefifia. Yeye ni mtu wa maji. Aliogopa ng'ombe kupita mamba. "Mamba anakutazama kama chakula," aliniambia, "hiyo naelewa. Ng'ombe ananitazama kama anajua jina langu." Kwa hiyo mjue tangu hapa kilichokuwa kwenye mizani: vichanja vikisimama, Mama anabaki ziwani kwake na watoto wanabaki shuleni kwao. Vikianguka, ni Pepa, na hakuna mtumbwi tena wa kurudia.

Sasa kidogo juu ya kazi yenyewe, maana mmeuliza na hili pia. Kichanja kisizidi urefu wa kifua cha mtu mfupi kuliko wote katika kazi. Sisi cha kwanza tulikipima kwa urefu wangu, na mimi ni mlingoti. Mama Feza hakufika katikati. Ndagala za pembeni zilikauka, za katikati zikaoza, tukawa na kichanja chenye harufu mbili. Pia msisimamishe kichanja mkao wowote mnaoupata. Tazameni upepo wa mchana unakotoka, muutegee ubavu wa kichanja. Sisi tuliutegea mgongo, na siku ya upepo wa ziwa ndagala zilizokwisha kukauka ziliruka kama majani, zikashukia kwa bata wa Mama Nyota. Alituma mtoto na ujumbe: bata wanashukuru, wanauliza chakula cha jioni ni saa ngapi.

Kujua kama imekauka, msiangalie rangi. Chukueni moja, mkunje. Ikipinda, ilale siku nyingine. Ikivunjika kwa sauti, iko tayari. Mchanga unakausha haraka kwa sababu una joto linalotoka chini, hilo ni kweli, msiwacheke wanaoutumia. Upepo ni mpole, unachelewa, lakini ndagala inabaki nyoofu na inang'aa kama imetoka majini sasa hivi.

Na kung'aa huko ndiko kulikotuponza.

Mzigo wetu wa kwanza ulipokuwa tayari, ulikuwa mzuri mpaka nilitamani kuutazama tu. Akaja Mama Ilunga, mchuuzi wa Nyunzu, mwanamke mnene mwenye macho yanayopima. Wachuuzi wote wa bara walimfuata yeye: anapopita wanapita. Alichota ndagala zetu kwa mkono, akazisugua katikati ya viganja, akafungua viganja akavitazama. Havikuwa na kitu. Akasugua tena, akatazama tena.

"Hii ilikauka wapi?"

"Hapa hapa, Mama. Kalemie," Mama Feza akasema kwa furaha.

"Kalemie gani isiyo na muchanga?"

Nilidhani anatania. Hakutania. Akainamia gunia akanusa. "Tena inang'aa. Na nzi ziko wapi? Kwa mwenzako nzi ziko, kwako haziko. Mumetia dawa gani?"

Hebu fikirini. Miaka yote mtu wa bara alipokuta mchanga katika ndagala alinung'unika, lakini mchanga huo huo ulimwambia kwamba samaki ametoka Kalemie kweli, amelala kwenye ufukwe wetu. Ulikuwa kama muhuri. Sisi tuliondoa uchafu, kumbe tuliondoa na muhuri. Mama Ilunga alikwenda kununua kwa Mama Nyota, na kabla ya jua kusimama katikati ufukwe mzima ulikuwa na jina la ndagala yetu: ndagala ya dawa.

Hilo jina, wadogo zangu, ndilo lililonifungua akili. Hatukulichagua. Hatukulipenda. Lakini lilishika siku hiyo hiyo, wakati neno "safi" tuliloita kila siku halikumshika mtu yeyote. Nikaanza kujiuliza: jina la biashara linakaa wapi hasa? Kwenye mdomo wa muuzaji, au kwenye mdomo wa mtu anayepita?

Mama Feza alifikiri linakaa kwenye kibao. Alimwita Papa Sefu, mchoraji wa vibao vya mjini, mtu mwenye rangi kwenye ndevu na maoni juu ya kila kitu. Papa Sefu alilipwa kwa kibao, si kwa neno, kwa hiyo aliona huruma kuacha nafasi wazi. Akaandika NDAGALA SAFI. Akaongeza TAMU. Akaongeza BEI YA KIRAFIKI, KARIBUNI WOTE, HAINA DAWA. Chini akachora samaki mwenye mabawa kama ndege ya abiria, na kwenye kona iliyobaki akaandika MUNGU NI MWEMA.

"Papa," nilimnong'oneza, "si bintu byingi sana?"

"Mutoto, kibao ni kama sahani. Ukimpa mugeni sahani nusu, atasema una choyo."

Mimi udadisi ulinishika. Nilikaa karibu na njia nikamwuliza kila aliyepita, kwa sauti yangu ya kifaranga, kile kibao kinasema nini. Mzee mmoja wa baiskeli alifikiri sana. "Kinasema Mungu ni mwema," akajibu. Mwanafunzi alisema ni wakala wa safari za ndege. Na mwanamke mmoja, mnisamehe kucheka, alisema: "Kinasema kuna dawa." Katika maneno yote yale alichukua moja tu, na lilikuwa lile tuliloandika ili kulifukuza.

Mama Feza akapunguza bei. Nayo iligeuka: watu walisema, si unaona, hata yeye mwenyewe anajua ina kitu. Magunia yalikaa. Mawingu yalianza kujikusanya upande wa milima ya Marungu, na Papa Lwamba alipiga tena simu, hakusema lolote juu ya mvua, aliuliza tu kama watoto wana masweta, kwa sababu Pepa kuna baridi.

Mama Nyota ndiye aliyeleta dawa ya dawa. Alikuja jioni, safari hii bila utani.

"Feza, dada yangu, weka muchanga."

"Wapi?"

"Mu ndagala. Kidogo tu, mikono miwili kwa gunia. Watu wanataka kuona Kalemie. Waoneshe Kalemie."

Mama Feza aliendelea kufunika vichanja. Asubuhi nilipofika nilikuta beseni la mchanga mkavu, uliochekechwa vizuri, pembeni ya kichanja. Hakuniambia kitu, nami sikuuliza, na mnajua kwangu kutouliza ni ugonjwa. Siku nzima tulifanya kazi tukilizunguka lile beseni kama mbwa aliyelala. Kukausha juu ya waya, halafu kutia mchanga! Nadhani hakuna watu wengine duniani waliofika karibu hivyo na kosa hilo.

Mchana wa jua kali Mama Ilunga alipita, akitoka kwa Mama Nyota. Hakuja kununua. Aliomba maji ya kunywa, akaketi kwenye kivuli cha kichanja chetu. Nilimletea kikombe, akakimaliza, nikamletea kingine. Akakitazama kile cha pili akacheka peke yake.

"Ninyi watu wa ziwa hamujui maji ni nini. Munayatupa tu. Kule kwetu binti yangu anaamka na bidoni kichwani, anashuka bondeni kuchota, anapanda. Halafu ndagala zenu zinayakunywa yote."

Hapo udadisi ulishinda aibu. "Mama, zinakunywaje?"

"Si kuosha! Unaosha mara ya kwanza, muchanga. Ya pili, muchanga. Ya tatu, mume anakula, jino linasema kwaa, anakutazama wewe kama ndiwe uliyeumba ziwa." Akafuta jasho. "Bidoni nzima kwa chakula cha jioni. Mutoto anarudi bondeni. Na wateja wangu wote njo vile vile, wananitukana mimi, hawamutukani Nyota."

Nilimtazama Mama Feza. Alikuwa ameacha kugeuza ndagala. Mikono yake ilikuwa hewani. Kisha akachota chache kutoka kwenye waya, kavu vile vile, hazijaoshwa hazijapikwa, akazitia mdomoni, akatafuna.

Ninyi mnajua kwetu mtu mzima hafanyi hivyo. Ndagala isiyooshwa hutafunwa na mtoto mwizi, au na paka. Mama Ilunga alishangaa. "Feza, una njaa?"

"Tafuna," Mama akasema, akamnyoshea kiganja. "Tafuna na weye."

"Na ile dawa?"

Mama Feza aligeukia upande wa watoto. Alimwita mtoto wake wa mwisho aliyekuwa akicheza karibu, akampa. Mtoto alikula huku akitabasamu, akaomba tena. Basi Mama Ilunga alichukua moja, akaiweka kwenye meno ya nyuma, akafumba macho kama mtu anayengoja kipigo. Akauma. Akangoja ile kwaa. Haikuja. Akauma ya pili, ya tatu. Alitafuna taratibu, akitazama juu, na nilitamani kuingia kichwani mwake nione anachokiona. Nadhani aliona bonde na bidoni.

"Kwa hiyo hii," akasema mwishowe, "inakwenda moja kwa moja mu nyungu."

Ndilo jina: kutoka guniani hadi chungu cha jikoni, bila kuoshwa. Halikutoka kwetu. Lilitoka kwenye mdomo uliokuwa bado unatafuna.

Nataka mkae kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo kazi yote ilipo. Sisi tulikuwa tunauza usafi. Tuliupenda kwa sababu tuliujua jasho lake: miti, waya, upepo, bata. Mama Ilunga hakuhitaji jasho letu. Yeye alikuwa ananunua maji. Alikuwa ananunua safari moja ya bondeni ambayo binti yake hataifanya. Ndagala ilikuwa ile ile, lakini tuliposimama upande wetu ilikuwa na dawa, na tuliposimama jikoni kwake ilikuwa na thamani. Mwenye kuuza asimame wapi, basi? Mimi najibu: jikoni kwa mnunuzi, na aangalie mtu anachoka wapi.

Beseni la mchanga Mama alilimwaga mwenyewe. Papa Sefu aliitwa afute kibao. Aliumia sana.

"Maneno haya machache tu? Na nafasi hii yote?"

"Iache wazi, Papa."

"Hata samaki?"

"Samaki abaki, lakini mukate mabawa."

Kikabaki: MOJA KWA MOJA MU NYUNGU, na chini kidogo, TAFUNA KWANZA. Nilikaa tena njiani nikauliza wapita njia. Waliyasema yote. Wengine walikuja kutafuna bure na kwenda zao, na wanafunzi walitumaliza, lakini Mama hakukataza. Alisema kila jino ni mpiga tarumbeta. Watu wa mjini hapa hawakutujali sana, na ni haki yao, maji wanayo. Tuliwaacha kwa Mama Nyota. Hilo nalo ni gumu, kumwacha mnunuzi aliye mbele yako apite kwa ajili ya aliye mbali ambaye hujamwona.

Mvua za kwanza zilipokuja, Mama Ilunga naye alikuja, na lori waliloshirikiana wachuuzi. Alitaka magunia mengi. Sisi tulikuwa na nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa chini ya maturubai, ikipinda badala ya kuvunjika. Dereva alikuwa akipiga honi, wingu lingine linakuja. Mama Nyota akatokea na ndagala zake zilizokauka kwenye mchanga wiki ya jua.

"Tutazichekecha, Feza. Tutazitia mu magunia yako chini, zako zikae juu. Nani ataona?"

Mama Feza alichukua moja ya Mama Nyota, akaitafuna. Sote tuliisikia. Kwaa.

"Meno yataona," akasema.

"Feza!" Mama Ilunga alikuwa amekasirika kweli. "Nimetoka Nyunzu, barabara ile, kuchukua nusu? Mimi mwenyewe nakuambia changanya, na weye unakataa?"

"Siku ile ulisema moja kwa moja mu nyungu. Hukusema nusu yake."

"Maneno! Mimi nataka mizigo!"

"Chukua ya Nyota, ni ndagala nzuri, lakini gunia lake liwe lake."

Tulishona midomo ya magunia yetu kwa uzi wa buluu ili yasichanganyike na mengine garini. Mama Ilunga alinunua nusu ile na nusu kwa Mama Nyota, akapanda mbele bila kuaga. Lori likaondoka likirusha matope. Mama alisimama kwenye mvua akiwa ameshika ile sindano ya magunia.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mvua, vichanja vitupu, simu kimya. Papa Lwamba alipopiga, safari hii Mama ndiye aliyeuliza kuhusu masweta. Aliniambia nianze kuangalia nani atanunua waya. Nilikwenda kwa fundi mmoja wa mabanda ya kuku, nikasimama mbele ya mlango wake, aibu ikanishika, nikarudi. Nashukuru ile aibu.

Halafu ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu ya Mama, kutoka Nyunzu. Tulikuwa chini ya turubai, Mama Nyota akiwa nasi kwa sababu paa lake lilivuja. Mama aliweka simu katikati yetu. Kwanza tulisikia soko: mbuzi, redio, watu wakibishana. Halafu sauti ya Mama Ilunga, lakini haikuwa inaongea na sisi. "Tafuna! Tafuna kwanza, mama! Usiniulize mimi, uliza meno yako!" Kisha sauti ya kutafuna, karibu kabisa na simu. Kisha mwanamke tusiyemjua, polepole: "Kweli haina. Nipimie ile ya uzi wa buluu." Na mwingine: "Na mimi ya buluu." Na mwingine.

Mwishoni Mama Ilunga akarudi kwetu. "Umesikia, Feza? Ile ya mwenzako iko pale pale, wanairuka. Ungechanganya ungeniua sokoni. Nakuja na magunia matupu. Na nimesikia habari za ng'ombe. Usithubutu!"

Mama Feza alifunika uso kwa kitambaa chake. Mama Nyota alinyosha kidole kwenye vichanja:

"Feza, hivi vitanda... miti yake unaikata urefu gani?"

Mama Feza akamwonesha. Akampimia kwa kamba, akamwambia habari za upepo, akamwambia afungie bata. Nilimwuliza baadaye mbona anatoa siri. Akasema miti haina siri, kila mtu anaiona.

Hivyo ndivyo Mama Feza alivyobaki ziwani. Papa Lwamba alishuka siku moja kumsalimia, akatafuna, akarudi Pepa na magunia mawili. Sasa anauza kwa wachungaji wenzake.

Lakini sikuandika yote haya ili mnipigie makofi, na wala hadithi haijaisha. Nilipita ufukweni wiki iliyopita, nikiwa nimefunga pua kwa kitambaa. Vichanja vimejaa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mama Nyota anavyo, ninyi mnavyo, na kila mmoja anaita: "Tafuna kwanza! Moja kwa moja!" kama zamani walivyoita safi. Wanunuzi wa zamani bado wanamtafuta Mama Feza kwa mazoea, lakini wapya hawana sababu. Mama alinikalisha, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Rizi, sasa kila muntu ni moja kwa moja. Sisi njo nani?"

Swali hilo nimewaletea, na ninyi mkitaka jina lenu wenyewe hamtalipata kwa kuiga hili. Basi nisaidieni, nanyi mtajisaidia. Mlio na shangazi kule Kongolo, mlio na bibi kule Kiambi, mliooa au kuolewa bara: waulizeni, kisha mniandikie, hata kwa mwandiko mbaya kama huu, karatasi mziache kwa Mama Feza penye vichanja. Msiandike kwamba ndagala yetu ni nzuri, hilo halitufundishi kitu. Andikeni tangu mama mpishi anapofungua gunia mpaka watu wanapomaliza kula, ni wapi bado anachoka, ni wapi bado anatukana. Mama Feza amekwisha kumwambia Papa Sefu afute kibao. Kiko wazi kabisa, kinangoja.